Kuumwa na Mbwa Kapedo, na Safari ya Sindano Tano

Wengi wenu mmelisikia jina la Kapedo katika habari za wizi wa mifugo na milio ya bunduki tu. Leo napenda kuwaeleza habari nyingine ya mahali hapo, iliyonipata mimi mwenyewe mwezi wa Februari mwaka 2019, nayo ni habari ya mbwa.

Kazi yangu ni ukarani. Mwajiri wangu aliniagiza nipeleke mabunda ya vitabu vya shule Kapedo na Lokori, kisha niendelee mpaka Lodwar na Kakuma, nikakae huko kwa muda wa mwezi mmoja kuhakiki hesabu. Kapedo iko mpakani mwa Kaunti za Turkana na Baringo, ndani ya Bonde la Ufa, si mbali na mlima wa volkano uitwao Silali. Ni nchi ya mawe meusi, miiba na jua kali. Lakini ina ajabu moja, nayo ni chemchemi za maji ya moto. Maji hayo hububujika kutoka chini ya ardhi, yakakusanyika, yakaporomoka kwenye jabali huku mvuke ukipanda, kisha yakaenda zake kaskazini katika mto Suguta. Kandokando yake imeota mikoma. Katika nchi ambayo mama aweza kutembea nusu siku kutafuta debe moja la maji, hapo maji hayakatiki usiku wala mchana. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, maana lilitufaa sana.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja za jioni, nami nimeketi nje ya nyumba ya mwenyeji wangu nikinywa chai. Mbwa wa Waturkana si adui wa mtu. Hulinda mbuzi wasiliwe na fisi, hulala karibu na mlango, na watoto hucheza naye bila hofu. Lakini huyu aliyetokea jioni ile alikuwa mgeni. Alikuja peke yake, hakubweka, taya lake limelegea, mate yanamdondoka, na miguu ya nyuma inayumba kama ya mlevi. Alimng'ata punda aliyefungwa, na kabla sijainuka alikuwa amekwisha kunishika mguu chini ya goti. Vijana walimwua kwa marungu.

Damu ilikuwa kidogo, nami kwa ujinga wangu nikafunga kidonda kwa leso. Mzee mmoja, kwa wema kabisa, akaniambia, "Mwanangu, jino la mbwa hutolewa kwa moto. Ngoja niweke chuma jikoni." Nikamjibu, "Ahsante, Mzee wangu," lakini moyo wangu ulikuwa unatafuta njia ya kukataa bila kumvunjia heshima.

Aliyeniokoa ni mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji. Alipoiona leso akaifungua mara moja. "Mwalimu," akasema, kwa kuwa wote waliniita hivyo kwa sababu ya vile vitabu, "usiulize gari kwanza. Uliza sabuni." Akamgeukia yule mzee kwa upole: "Baba, moto huchoma nyama tu, na sumu ya mbwa huyu huachwa ndani. Mwache tukamwoshe." Mzee akakubali.

Wakanishika mkono mpaka kwenye kijito, mbali kidogo na chemchemi, mahali ambapo maji yamepoa hata mtu aweza kuyavumilia. Tukaosha kidonda kwa sabuni ya kipande na maji yanayotiririka, naye akahesabu kwa saa yake dakika 15 kamili. Niliona ni muda mrefu kupita kiasi. Aliniambia kwamba virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate, na kwamba sabuni huviharibu vingi kabla havijaingia katika mishipa ya fahamu. Vikishaingia humo husafiri polepole kuelekea kwenye ubongo, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, pengine siku chache tu, pengine mwaka mzima. Katika muda huo mtu huonekana mzima. Zikianza dalili, kama vile kuogopa maji, hakuna daktari duniani mwenye dawa ya kutegemewa, na karibu kila mgonjwa hufa.

Tulipokuwa tukirudi, msichana mdogo akasema jambo lililotushtua sote. Mbwa yule alikuwa amemng'ata pia mtoto wa mwenyeji wangu, mvulana wa miaka kama kumi, huko machungani mchana uleule. Mtoto alificha. Mbuzi mmoja alikuwa ameng'atwa pamoja naye, akaogopa kwamba ataambiwa hakulinda mifugo vema.

Baba yake akatoka na vijana wawili kumtafuta. Dereva wetu alitaka tuondoke usiku uleule. Nilimsihi angoje, maana kama mimi mwenye ndevu nilihitaji tiba, mtoto yule aliihitaji vilevile. Saa tatu za usiku wakarudi naye. Alikuwa na alama mbili za meno kwenye mkono, karibu na kiganja. Akapelekwa kijitoni kwa taa, akaoshwa vilevile dakika 15, akilia, na mama yake akimwambia kwamba hakuna atakayempiga.

Katika kijiji chanjo haikuwapo. Njia fupi zaidi ni ya kusini, kwenda Marigat, lakini dereva hakukubali kuipita. Watu wa huko hawajasahau mwaka 2014, askari wengi wa polisi walipouawa kwa kuviziwa karibu na Kapedo. Basi alfajiri tukashika njia ya kaskazini, mimi, mtoto na mama yake. Tulipita Lomelo na Lokori, tukatokea Lokichar, mahali palipojulikana sana tangu mafuta yalipogunduliwa karibu nako mwaka 2012. Kutoka Kapedo mpaka Lodwar ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa mchanga na mawe. Mara mbili tulishuka kusukuma gari. Tuliingia Lodwar usiku.

Lodwar ni mji uliopo kando ya mto Turkwel. Wazee wanaukumbuka kwa kuwa Mzee Jomo Kenyatta alizuiliwa hapo tangu mwaka 1959 mpaka 1961. Kwangu mimi utakuwa siku zote mji wa sindano ya kwanza. Mahali pa kwanza tulipobisha hodi tuliambiwa dawa imekwisha. Mahali pa pili ilikuwapo, lakini kwa kununua, na gharama yote kwa mtoto ililingana na bei ya mbuzi wawili. Nilimtazama mama yake. Hakusita hata kidogo. Alisema, "Mbuzi huzaliwa kila mwaka," akaomba simu amwambie mumewe auze.

Daktari alitueleza mambo ambayo nataka kila msomaji ayashike. Zamani watu waliogopa tiba hii kwa sababu ya sindano nyingi za tumboni, 14 au zaidi. Siku hizo zimepita. Chanjo ya sasa hudungwa begani. Sisi tuliandikiwa tano: siku ya kwanza, ambayo huhesabiwa kuwa sifuri, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mtu ambaye ngozi yake imetoboka hutiwa pia dawa nyingine ya kinga ndani ya kidonda chenyewe, ili imlinde wakati chanjo inapoujenga mwili. Usiku ule ilipatikana, tukashukuru. Tulidungwa na ya pepopunda.

Mama wa mtoto hakujua kusoma kadi aliyopewa. Basi akachukua kamba, akaifunga mafundo matano, akafungua moja palepale mbele ya daktari. Alikaa Lodwar kwa ndugu zake, na katika kila siku iliyotajwa alimwuliza jirani tarehe, akampeleka mtoto, akafungua fundo.

Mimi baada ya sindano ya pili nilikwenda Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi. Huko ipo kambi kubwa ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, na kwenye foleni ya kituo cha tiba nilisikia Kiarabu, Kisomali, Kidinka na Kiswahili cha Kongo. Siku ya 14 nilikuwa mzima kabisa, kidonda kimefunga, kazi imenisonga, nami nikanuia kuziacha sindano zilizobaki. Ndipo nilipoikumbuka ile kamba. Nikaona haya kwamba karani anayehesabu vitabu vya watu ashindwe kuhesabu hadi tano. Nikaenda, na siku ya 28 nikamaliza.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa mashambani katika Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi. Jambo hili ni la huzuni, kwa sababu chanjo si kitu kipya. Louis Pasteur wa Ufaransa alimtibu kwayo mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka tisa, tarehe 6 Julai 1885. Tena wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukatika kwa mbwa na kwa watu pia. Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuumaliza kufikia mwaka 2030. Mpango huo hautafika mbali ikiwa sisi wenye mbwa tutawaficha siku ya chanjo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba, guu huota tende. Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji mengi dakika 15. Usichome, usipake majivu wala mafuta. Nenda ukadungwe siku ileile kama yawezekana, na umalize sindano zote hata ukijiona mzima. Na zaidi ya yote, mwambie mtoto wako tangu leo kwamba akiumwa asifiche, na kwamba hutamwuliza habari za mbuzi kwanza.

Miezi saba baadaye nilipita tena Kapedo. Mvulana yule alikuja kunisalimu, akanionyesha mkono wake. Makovu mawili madogo yalikuwapo. Kisha akaenda zake kuwarudisha mbuzi, kwa maana jua lilikuwa linatua.