Nembo kwenye tisheti: skrini, joto au uzi?

Leo naweka programu kando niongee juu ya tisheti. Usicheke, kuna hesabu ndani yake.

Kikundi kimoja cha akina mama huko Homa Bay kinatumia programu yangu ya simu kuweka rekodi za mizani ya omena. Wameamua kwamba wanaopima wavae tisheti na kofia zenye nembo, ili muuzaji ajue ni nani wa kumkabidhi mzigo wake. Pesa ni za mchango wao. Mama mweka hazina aliniambia: "Mwanangu, nembo ikibanduka, yeyote atavaa tisheti tupu na kusema ni wetu."

Hoja nzito hiyo! Basi kabla ya kwenda kwa wachapaji mjini Migori, nilipima njia nne.

Silkskrini: wino unasukumwa kupitia wavu uliobanwa kwenye fremu, na kila rangi ina fremu yake. Tuseme fremu ni shilingi 1,000. Nembo ya rangi 4 ni 4,000 kabla ya tisheti ya kwanza. Gawa kwa tisheti 5, ni 800 kila moja. Gawa kwa 80, ni 50 tu.

Kubandika kwa joto: plastiki nyembamba hukatwa kwa umbo la nembo na kugandamizwa kwa mashine ya joto. Haina fremu, kwa hiyo inafaa tisheti chache. Lakini kusugua kwa mkono na pasi ya makaa ni adui wa kingo zake.

Sablimesheni: kwenye nyuzi joto karibu 200 wino hugeuka gesi na kuingia ndani ya poliesta. Haubanduki kamwe. Ila haushiki vizuri kwenye pamba, wala hauonekani kwenye kitambaa cheusi.

Kudarizi: uzi hudumu sana, lakini bei hufuata idadi ya mishono, na herufi ndogo huzibana.

Tisheti zetu ni 80, za pamba, buluu iliyokoza ili zifiche uchafu. Jibu: silkskrini, kwa rangi moja nyeupe. Kofia zidariziwe.

Nembo niliichora upya kwa Inkscape, programu huria iliyoanza 2003, nikaihifadhi kama SVG. Hiyo ni mistari, si pikseli, hivyo faili moja inatosha kofia na hata bango la ufuoni bila kufifia.

Tena, usilipe kabla ya kufua! Tuliomba kitambaa kilichochapwa kwa wino uleule. Akina mama wakakifua wiki nzima kwa sabuni ya mche, wakakianika juani kando ya omena. Nembo ikabaki. Hapo ndipo mweka hazina akafungua mkoba.

Kwa hiyo usianze na "ipi ni rahisi?" Anza na: nani ataivaa, nani ataifua, na ni ngapi?

Wewe je, ulitumia njia gani? Nieleze.