Niliuza Kijana Nikanunua Mzee!

Leo sitaki kuongelea mapenzi wala kesi za mawifi. Leo nataka kuwapa ushauri wa kuendesha timu. Siyo Simba wala Yanga, hizo zina wenyewe. Naongelea timu ya besiboli, tena ya kwenye gemu. Usicheke kwanza! Nisikilize hadi mwisho, maana timu hiyo nusura initenganishe na mdogo wangu wa tumbo moja.

Mambo yalianza hivi. Nilinunua PlayStation 4 ya mtumba pale Kariakoo. Muuzaji akanipa diski mbili za nyongeza. Ya kwanza ilikuwa ya mpira wa miguu, imechubuka vibaya, ikagoma. Ya pili ikakubali, nayo ilikuwa MLB The Show, yaani besiboli ya Wamarekani. Nikataka kuirudisha. Mdogo wangu akasema, "Kaka, tuijaribu tu, kwani inakula?" Wiki ya kwanza hatukuelewa kitu. Wiki ya pili tukawa tunalala saa nane za usiku, na mama anagonga ukuta.

Utamu wenyewe uko kwenye sehemu inayoitwa Franchise. Hapo kazi yako siyo kupiga mpira kwa gongo tu. Unakabidhiwa klabu nzima. Unasajili, unapanga mishahara, unachagua vijana na unabadilishana wachezaji na klabu nyingine. Sisi huku tumezoea kwamba fedha inatoka, mchezaji anakuja. Kule klabu mara nyingi zinabadilishana mtu kwa mtu, kama wewe unavyompa jirani jogoo naye akakupa mitetea miwili.

Ligi Kuu yao ina timu 30, na kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu. Hujasoma vibaya, ni 162! Nyingi unaiachia mashine izimalize yenyewe, unacheza zile unazotaka. Sisi tukachagua Pittsburgh Pirates, timu isiyo na fedha nyingi, ambayo ubingwa wake wa mwisho ni wa mwaka 1979. Mdogo wangu alisema timu ya walalahoi ndiyo itakayotufaa, maana hali yake tunaijua.

Sasa chukua kalamu.

Kwanza, hesabu watu wako kabla hujanunua. Kikosi cha Ligi Kuu ni wachezaji 26, na nusu yao hivi ni warushaji. Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji, na mkono wake unachoka. Kwa kawaida timu ina warushaji watano wa kuanza mechi, wanapokezana siku kwa siku. Hivyo ukimwaga fedha zote kwa staa mmoja, atakuokoa siku moja, halafu siku nne unaadhirika. Bora warushaji watano wa wastani kuliko mfalme mmoja na vibarua wanne.

Pili, usidanganywe na namba moja. Kwenye gemu kila mchezaji ana alama, mwisho ni 99. Lakini pembeni kuna herufi inayoonyesha anaweza kufika wapi, na A ndiyo bora. Mtu wa alama 80 mwenye miaka 35 anashuka mlima. Kijana wa alama 58 mwenye herufi A anaupanda. Kila ukiona alama, tupa jicho kwenye umri kabla hujashangilia.

Tatu, ogopa mkataba mrefu kama unavyoogopa mkopo wa riba. Leo ni tamu, keshokutwa mtu amechoka na bado anakudai. Yuko bwana mmoja anaitwa Bobby Bonilla. Klabu ya New York Mets ilipotaka kuachana naye mwaka 2000 ilikuwa bado inadaiwa naye dola milioni 5.9. Wakakubaliana walipe polepole, na riba juu. Matokeo yake, tangu mwaka 2011 analipwa dola milioni 1.19 na ushee kila Julai Mosi, na ataendelea hadi mwaka 2035. Mechi yake ya mwisho ya Ligi Kuu aliicheza mwaka 2001!

Nne, kama huna fedha, nunua kile ambacho matajiri hawakitazami. Oakland Athletics walifanya hivyo mwaka 2002 chini ya meneja wao mkuu, Billy Beane. Matajiri walitaka wenye sura ya ustaa. Yeye akatafuta watu wasiotolewa kirahisi, hata kama wanafika kituo cha kwanza bila kupiga mpira, kwa sababu tu mrushaji ametupa ovyo. Mishahara yao yote ilikuwa kama dola milioni 40, wakati New York Yankees walitumia zaidi ya milioni 120. Msimu ulipoisha kila timu ilikuwa imeshinda mechi 103. Sawa kwa sawa! Hapo katikati Oakland walishinda 20 mfululizo. Basi hata kwenye gemu usikimbilie wapigaji wa mbali tu. Tafuta wenye jicho la subira, bei yao ni poa.

Tano, na hapa ndipo penye kidonda changu. Tunza vijana.

Msimu wetu wa kwanza tulimchagua mrushaji wa miaka 18. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, na mashine ilikuwa imemchora na kidevu kama cha mzee wa baraza, tukamwita Kidevu. Alikuwa na alama 52 na herufi A. Mdogo wangu akamchukua kama mwanawe. Alinunua daftari la kurasa 96, kila mwezi wa kwenye gemu anaandika Kidevu kapanda alama ngapi, amepangiwa mazoezi gani, amepigwa na nani. Tukamwacha ligi ndogo apikike taratibu. Msimu wa nne alikuwa amefika 69.

Mdogo wangu akaenda Morogoro kumuuguza bibi. Mimi nikabaki na padi peke yangu. Kwenye gemu ilikuwa mwishoni mwa Julai, siku ambazo dirisha la kubadilishana linafungwa, na sisi tulibakiza ushindi wa mechi mbili tu tuwe juu. Ikaja ofa. Klabu moja inanipa mrushaji wa alama 85, umri miaka 36. Wanamtaka Kidevu.

Sikufikiria hata dakika mbili. Nikabonyeza.

Kweli yule mzee alitusaidia, tukaingia mtoano kwa mara ya kwanza. Nikaruka ruka chumbani kama mwehu. Halafu kwenye mtoano wenyewe akapigwa kama ngoma, tukatolewa raundi ya kwanza. Msimu ulipoisha akastaafu. Nikabaki sina mzee, sina kijana.

Mdogo wangu aliporudi alifungua gemu kabla hata ya kuoga. Akatafuta, akatafuta. "Kidevu yuko wapi?" Nikajichekesha, "Nimemuuza bwana, lakini tuliingia mtoano!" Hakupiga kelele. Alifunga daftari lake, akaliweka chini ya godoro. "Sawa kaka. Timu ni yako, na PlayStation umenunua wewe."

Hapo ndipo niliposhikwa na baridi. Mpenzi msomaji, huyu kijana alimaliza kidato cha nne na kuambulia sifuri. Mtaani walishamwita mzururaji. Na mimi kaka mtu nilikuwa wa kwanza kumwambia mbele za watu kwamba hana mbele wala nyuma. Lile daftari ndilo lilikuwa kazi yake pekee iliyokuwa inakwenda mbele, nami niliiuza kwa raha ya wiki moja. Wiki mbili nzima hakushika padi. Nikiingia ndani, yeye anatoka.

Kumbe siko peke yangu niliyeingia mkenge wa namna hii. Mwaka 1987 Detroit Tigers walikuwa wanawania kuongoza kundi lao. Agosti 12 wakamchukua Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36, kutoka Atlanta Braves. Badala yake wakamtoa kijana wa miaka 20 wa ligi ndogo, mzaliwa wa jimbo lao hilo hilo la Michigan, anaitwa John Smoltz. Alexander akafanya maajabu, akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, na Tigers wakaongoza kundi. Kwenye mtoano wakafungwa na Minnesota Twins. Mwaka 1989 Alexander akamaliza kazi. Na Smoltz je? Alikaa Atlanta miaka ishirini, akachukua ubingwa wa mwaka 1995, akapata tuzo ya mrushaji bora mwaka 1996, akashinda mechi 213, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Wapo wanaosema Tigers hawakukosea, kwa sababu walichokitaka mwaka ule walikipata. Sibishi. Kuuza kijana siyo dhambi, ila ujue kabisa unauza nini na utabaki na nini. Mimi nilichojua ni kwamba nataka kuruka ruka tu.

Msimu uliofuata Kidevu alikuja kucheza dhidi yetu akiwa na jezi ya watu. Nilikuwa nacheza usiku, peke yangu. Akatufunga bila jasho. Hakukuwa na wa kucheka naye wala wa kulaumiana naye. Nikazima, nikamfuata mdogo wangu barazani, nikamwambia, "Nisamehe, nilikosa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniuliza tu, kaka. Labda ningekubali."

Hayo maneno yaliniuma kuliko matusi.

Basi ushauri wangu wa sita, na ndio mkubwa kuliko yote: kama timu ni ya wawili, usisaini peke yako. Tumefuta kila kitu, tumeanza upya na Pirates wetu wale wale. Yeye anashika vijana, mimi nashika mishahara. Hakuna mchezaji anayeondoka hadi wote wawili tuseme ndiyo, na mmoja akisafiri, gemu inamsubiri. Msimu wa kwanza tumeshika mkia. Hatuna haraka.

Na daftari limetoka chini ya godoro. Mama aliliona, akauliza ni la nini. Alipoelezwa akasema, "Kama unaweza kumwandika Mzungu asiyekuwepo, si uniandikie na mimi unga wangu?" Sasa yeye ndiye anayemtunzia hesabu za biashara yake ya vitumbua na chapati. Mwezi wa kwanza tu alimwonyesha mama kwamba zile chapati anazojivunia zinamla mafuta kuliko zinavyomlipa, vitumbua ndivyo vinavyolisha nyumba. Mama alikasirika siku mbili, ya tatu akapunguza chapati.

Juzi nilimsikia anamwambia jirani kwamba huyu mtoto ana kichwa. Nilitazama pembeni, maana na mimi nilikaa naye chumba kimoja miaka yote hiyo nikiangalia alama tu, herufi sikuiona.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na kama una mdogo wako nyumbani, mpe padi.