Mkanda Ukiwa Msumarini

"Nera, unaumwa?"

Siumwi. Nilikuwa nimelala tu, kitini, chini ya mwembe, saa nane mchana, gazeti limenifunika uso. Aliyeniuliza ni mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyehamia kwetu hapa Kombewa baada ya kodi ya Nairobi kumshinda. Kazi yake anaifanyia katika chumba cha pembeni. Anajibu maswali ya wateja wa kampuni moja ya ng'ambo: mzigo wangu umefika wapi, viatu vimenibana narudishaje. Wateja wengi wako Marekani. Kwetu ikiwa saa nane mchana, New York ni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kutegemea majira yao, na mtu aliyetoka kuamka hana haja ya kulalamikia viatu. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi jua lipinduke kimya kimetanda, swali moja sasa, jingine baada ya dakika arobaini. Hata hivyo kijana habanduki. Kwenye kioo kuna doti ya kijani; asipogusa kitu kwa muda inageuka njano, na huko aliko msimamizi anaona. Basi anakaa akisukuma kipanya huku na huku, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula asichokila.

Nilipomwambia naye ajinyooshe kidogo, akauliza kwa dhati kabisa: "Zamani mtu akifanyia kazi nyumbani, nani alikuwa anajua kama yuko kazini au amelala?"

Kila mtu alijua. Soko zima lilijua, na hakuna aliyeona cha kuficha.

Fundi wetu wa nguo alikuwa na cherehani moja, Singer ya kanyagio, na kiwanda chake kilikuwa baraza ya nyumba yake, hatua chache kutoka barabara ya Bondo. Barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi wakati huo. Lori likisikika tu, alikuwa ameshatupa shuka juu ya nguo za watu kabla hajainua macho kuona ni lori la nani. Nimejaribu kutafuta alianza mwaka gani. Dada yangu anasema 1971, kwa sababu sare yake ya darasa la kwanza ilitoka pale. Binamu yetu anaapa ni 1973, na ana picha ya baraza ile yenye tarehe nyuma. Tarehe hiyo imeandikwa kwa kalamu ambayo naona wino wake haujafifia hata kidogo. Tuseme miaka ya sabini mwanzoni, tuendelee.

Harufu ya baraza ile ningeitambua nikiwa nimefungwa macho. Mafuta ya cherehani kwanza, halafu kaki mpya ambayo bado ina wanga wa kiwandani, halafu pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kilicholoa. Fundi hakuwa na chupa ya kunyunyizia. Alijaza maji mdomoni, akavimbisha mashavu, akapuliza: ukungu mwembamba ukatua sawasawa juu ya suruali nzima, hapana tone hata moja kubwa. Sisi watoto tulijaribu nyumbani tukalowanisha vifua vyetu.

Alianza kazi alfajiri. Kukata alikata asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu mkasi ukikosea hakuna dawa. Baada ya hapo alishona mfululizo hadi saa saba. Kufikia hapo bati lilikuwa limeanza kulia kwa joto, akina mama wameondoka sokoni kwenda kupika, watoto wako shule. Alizuia gurudumu kwa kiganja, akainama, akauchomoa mkanda wa ngozi taratibu kutoka kwenye gurudumu la chini, akautundika kwenye msumari uliokuwa mwimoni mwa mlango.

Mkanda ukiwa msumarini, fundi hayupo. Haidhuru kwamba nyayo zake zilionekana wazi pale ndani, juu ya mkeka wa mafunjo, zimeelekezwa barabarani. Hayupo. Watu walipanda kutoka ufukwe wa Asat, wengine walitoka upande wa Kit Mikayi kwa miguu, mtu ana kitambaa chake kwapani na jasho linamtoka. Alifika, akautazama msumari, akamuuliza mke wa fundi kwa sauti ya chini, "Jaduong' amelala?" "Amelala." Basi. Mgeni alikwenda kivulini kwenye ubao wa ajua, akacheza au akabisha juu ya wanaocheza. Sikusikia hata mara moja mtu akimwita yule mzee mvivu. Walijua kwamba wiki ya kufungua shule angekesha na taa ya karabai hadi usiku wa manane, na kaptura zao zingekuwa tayari.

Kulikuwa na ruhusa moja tu ya kumwamsha: msiba. Aliyefiwa akileta kitambaa cha suti ya kumzikia mtu wake, mke wa fundi alikwenda mwenyewe, akamgusa kidole gumba cha mguu. Kwa mengine yote, subiri.

Siku za kawaida alichomwamsha ni upepo. Wanaoishi pembeni mwa ghuba hii wanaujua. Nchi kavu ikishapata moto kuliko maji, hewa ya ziwani huvutwa kuja juu, na adhuhuri ile nzito hukatika ghafla, majani ya migomba yakaanza kupigana. Fundi alikohoa mara moja. Redio ikawashwa, Sauti ya Kenya, matangazo ya Dholuo kutoka Kisumu, kwa nguvu za betri zilizoanikwa juani ili zikubali kufa kesho badala ya leo. Chai ya maziwa, mahindi na maharagwe kiasi, yale tunayoyaita nyoyo, maji usoni. Halafu mkanda ulirudi kwenye gurudumu, na ndipo alipofanya zile kazi za macho: kola, mifuko, matundu ya vifungo ambayo aliyatia kwa mkono, uzi baada ya uzi. Kazi hizo hakuzigusa kabla ya kulala. Nina shati lake moja hadi leo. Kitambaa kimekwisha, matundu ya vifungo yako imara.

Na malipo? Mteja alilipia kaptura. Hakununua saa za fundi, wala hakuwa na njia ya kuzihesabu. Alichohitaji Ijumaa ni kaptura iwepo, na ikikosekana Ijumaa, kelele zake zilisikika hadi dispensari.

Lakini nisijifanye kwamba kijiji kizima kililala. Usingizi wa fundi ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa mkewe. Ndiye aliyetufukuza tukipiga kelele, ndiye aliyewapokea wateja na kukumbuka kitambaa kipi ni cha nani. Usingizi wake yeye sikuuona. Mapumziko ya mama yangu yalikuwa kukaa chini na kunyoosha miguu huku akipukuchua mahindi, au akisukwa nywele na jirani huku akipepeta choroko. Mikono haikulala. Hata ile hadithi ya Kit Mikayi, mawe yale makubwa ambayo siku hizi watalii wanalipa kuyaona, inahusu mapumziko ya mwanamume. Mzee Ngeso aliyapenda mawe yale; kila siku akiamka aliingia pangoni akashinda humo, na mkewe akawa anampelekea chakula cha asubuhi na cha mchana. Watu wakimuuliza mume yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Tulipokuwa watoto tulicheka tukimfikiria Ngeso. Nikipita pale sasa namfikiria aliyekuwa akipanda na vyungu, mara mbili kwa siku.

Kule chini ufukweni mambo yalikuwa wazi zaidi, na bado yako wazi kwa kiasi. Omena huvuliwa usiku, kwa taa inayowavuta juu ya maji, kwa hiyo mvuvi anayelala saa tano asubuhi chini ya mtumbwi uliopinduliwa hahitaji kujieleza kwa yeyote. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, na kazi inalegea kwa siku kadhaa. Nyavu zinashonwa, watu wanalala usiku kama wengine. Kabla serikali haijaleta marufuku yake ya omena ya Aprili hadi Julai, mwezi ulikuwa tayari unawapa likizo. Ila hapo tena, omena wakifika nchi kavu ni wanawake wanaowaanika na kuwageuza juani, saa zilezile za wanaume kukoroma.

Nilipoajiriwa ukarani Kisumu nilikuta utaratibu mwingine wenye heshima ileile. Maduka mengi katikati ya mji yalifungwa mchana, milango ya chuma ikashushwa kwa kishindo, na hadi saa nane hukununua hata sindano. Wenye maduka walikuwa juu, ghorofani, nyumbani kwao. Ulisikia vijiko, kisha ukimya. Sisi makarani tulikwenda kulala kwenye nyasi karibu na gati, viatu vimewekwa chini ya kichwa ili visiibwe. Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa akilala palepale kwenye meza yake, na tarishi alijua kumwambia kila mgeni: mkubwa anapumzika. Hakusema yuko mkutanoni.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mitumba ilijaa miaka ya tisini, na kwa nini mtu asubiri kaptura hadi Ijumaa wakati kuna rundo sokoni leo hii? Fundi akabaki na sare za shule na viraka. Maduka ya mjini yakaacha kufunga mchana, kwa sababu jirani hakufunga. Simu zikaja. Umeme ukasambazwa vijijini, na kuanzia 2015 gharama ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Jirani yangu wa kwanza kuwashiwa alinunua mashine ya kusaga na sasa inanguruma adhuhuri yote. Fundi alifariki. Mwanawe aliichukua cherehani, akaifunga mota, na mkanda wa mota hakuna anayeutundika. Ikaja ile miaka ya barakoa, watu wa ofisi wakarudi nyumbani na kompyuta zao, na tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo: utafanya kazi ukiwa kwako, kwa wakati wako.

Kwa wakati wa nani? Nimemuuliza mpwa wangu analipwaje. Analipwa kwa kila mazungumzo aliyoyakamilisha. Asipoulizwa kitu kwa saa tatu, saa tatu hizo hazina senti. Lakini akiondoka katika saa hizo tatu, anakatwa alama, na alama zikipungua anapewa wateja wachache. Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Yaani akijibu analipwa, na kungoja anakutoa bure, pamoja na mgongo wake. Fundi naye alikuwa na saa zisizolipwa, ila alizilala.

Ningetaka kusema sheria itamsaidia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba, na kupanga saa za kazi inamwachia mwajiri. Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe za bosi nje ya saa za kazi. Wazo zuri. Lakini usumbufu wa mpwa wangu uko ndani ya saa za kazi, tena kwenye karatasi zake yeye si mfanyakazi, ni mtoa huduma wa kujitegemea. Anajitegemea, na hawezi kwenda chooni bila kukimbia.

Vijana wenzake wamepata ujanja. Mmoja ameniambia kuna kifaa kidogo unachoweka chini ya kipanya, kinakitikisa chenyewe. Mwingine amefunga kipanya kwenye feni. Wanaweza kulala, basi? Wanasema hawalali, wanakaa kando ya feni wakisikiliza kama bado inazunguka.

Na ugonjwa huu haukai kwenye kompyuta za ng'ambo peke yake. Hapa sokoni kuna binti ana kibanda cha wakala wa pesa za simu, mbele ya nyumba yao, anafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Juzi saa nane nilikwenda kutoa pesa nikakuta dirisha limefungwa kwa ndani. Tulikuwa watatu. Mwanamume mmoja aligonga, akagonga tena, akasema watu wa siku hizi hawataki kazi, akaondoka kwa hasira kwenda kibanda cha pili. Mimi na mama mwingine tulikaa. Saa tisa kasoro robo dirisha likafunguliwa, na shavuni mwa yule binti kulikuwa na alama za mkeka, mistari mitatu au minne, wazi kabisa.

"Samahani, wazee wangu," akasema. "Mtandao ulikuwa umepotea."

"Pole sana, nyathina," mama akamjibu, akasukuma kitambulisho chake dirishani. "Hata kwetu huko juu ulipotea."