Kigae cha Ras Mkumbuu

Mimi ni mkulima wa karafuu na muhogo hapa Ole, Pemba. Zamani nilikuwa mvuvi pia. Nataka kukusimulia, ndugu msomaji, kosa nililolifanya kabla sijajua kusoma.

Kutoka Ole tunashuka Chake Chake, kisha tunaelekea magharibi mpaka Ndagoni. Mbele ya hapo nchi kavu inakuwa nyembamba kama ulimi. Bahari iko kulia, bahari iko kushoto. Ulimi huo ndio Ras Mkumbuu. Kusini yake ni ghuba ya Chake Chake. Mbele zaidi baharini kiko kisiwa cha Misali. Huko rasini yako magofu: kuta za msikiti mkubwa wa mawe, na makaburi ya zamani yenye nguzo.

Sisi wavuvi tulikuwa tukienda dago huko, tukilala siku kadhaa. Siku moja niliokota kigae cha chombo cha kale. Kilikuwa cha kijani, kinang'aa. Nikakichukua. Nikachukua na mawe mawili ya ukuta, nikayafanya nanga ya ngalawa. Kigae nilimpa mwanangu achezee, kikapotea.

Miaka ilipita, nikajiunga na kisomo. Jioni moja mwalimu aliuliza, "Nani waliojenga Ras Mkumbuu?"

Bibi mmoja akajibu, "Washirazi. Ndivyo nilivyosikia kwa wazee."

Mzee mwingine akasema, "La, ni Wadebuli."

Mimi nikasema, "Wazee wetu walijenga vibanda vya udongo. Msikiti ule lazima ni kazi ya wageni."

Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, umejuaje?" Nikakosa jibu.

Ndipo akatueleza. Msafiri mmoja wa Baghdad, Al-Masudi, alisafiri katika bahari yetu. Karibu na mwaka 916 alirudi Omani kutoka kisiwa alichokiita Kanbalu. Aliandika kuwa kisiwani humo walikaa Waislamu pamoja na watu wasio Waislamu, na kwamba Waislamu hao walisema lugha ya watu wa pwani hii.

Je, Kanbalu ni wapi? Hapo wataalamu wanabishana. Wengine wanasema ni Ras Mkumbuu, kwa sababu majina yanafanana. Wengine wanataja mahali pengine Pemba. Wengine wametaja Unguja, Ngazija, hata Bukini. Katika miaka ya 1950 mtaalamu James Kirkman alichimba Ras Mkumbuu, lakini hakuona dalili za mji wa zamani kiasi hicho. Katika miaka ya 1980 wengine walichimba tena. Chini ya msikiti ule walikuta mabaki ya misikiti ya zamani zaidi. Basi ubishi ukapata nguvu mpya, na haujakwisha.

"Na waliojenga?" nikauliza.

Mwalimu akasema, "Zamani vitabu vingi viliandika kama ulivyosema wewe, kuwa miji ya pwani ilijengwa na wageni. Lakini wachimbaji wamehesabu vigae vya miji hiyo. Vilivyo vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku kwetu. Vya Uajemi na Uchina ni vichache. Wageni walikuja kufanya biashara, na wengine walioa wakakaa. Lakini miji ilikuwa ya watu wa pwani."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimewanyima wazee wangu kazi yao wenyewe. Tena nilikikumbuka kigae changu. Kilitoka nchi gani? Kililala karibu na nini? Sasa hakuna awezaye kujua. Kesi ilikuwa haijasikilizwa, nami nilikwisha mwondoa shahidi.

Nikafikiri pia jambo jingine. Al-Masudi alikuwa mpita njia. Aliandika mistari michache tu, nasi tunaisoma baada ya miaka elfu moja na zaidi. Mafundi walioinua kuta zile hawakutuachia hata barua moja. Kwa hiyo mawe na vigae ndiyo maandishi yao.

Ndugu msomaji, ukipita penye magofu, tazama, lakini usichukue kitu. Ukimkuta mzee anayejua habari za kale, kaa naye. Andika maneno yake, andika kijiji chake na tarehe. Kalamu sasa tunayo.

Mimi nimeanza kwa kuliandika kosa langu.