Karatasi Haizimiki

Tangu tusikie kwamba majaribio ya muhula ujao huenda yakafanyiwa mtandaoni, darasa letu limegawanyika, tena si kwa namna niliyoitarajia. Nilidhani wenye kompyuta watashangilia na sisi wenye simu za kupasuka kioo tutanuna. Sivyo. Wanaoshangilia zaidi ni wanaokaa mbali. Mafuta yakikosekana mjini, mabasi hupungua, na mwenzetu wa Kanyosha huamka saa kumi usiku ili awahi jaribio la saa mbili asubuhi. Kwake, kujibu maswali akiwa nyumbani ni rehema.

Mimi nakaa Gihosha na huenda chuoni kwa miguu, kwa hiyo hofu yangu ni nyingine. Umeme ukikatika huku kwetu hauagi, wala hausemi utarudi lini. Ukiwa na karatasi unasogea dirishani, unaendelea. Mtandaoni, saa ya mtihani inahesabiwa mbali na wewe. Simu yako ikizima, dakika zinaendelea kwenda. Na bando likiisha katikati ya swali la tatu, nani atakuamini?

Wapo wanaotutajia Nijeria, ambako tangu 2015 watahiniwa karibu wote wa mtihani wa kuingia vyuo vikuu hutumia kompyuta. Ni kweli, lakini wale huenda kwenye vituo vilivyoandaliwa, hawajibu wakiwa kitandani. Tukijengewa kituo kama hicho, hofu yangu ya umeme itapungua, lakini mwenzetu wa Kanyosha atarudi palepale kwenye foleni ya basi. Jambo hili naona hatulijadili vya kutosha: kompyuta ni suala moja, kufanyia mtihani nyumbani ni lingine.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Simu yangu imezoea Kifaransa. Nikiandika "ila", inanigeuzia kuwa "il a". Hilo ni la kuchekesha tu. La kuudhi ni swali la ngeli lenye jibu moja lililopangwa. Nikiandika "rafiki zangu" na mashine ikasubiri "marafiki zangu", nimekosa? Mwalimu aliye hai angesoma, angetabasamu, angenipa alama yangu. Katika insha ndiyo zaidi: kwenye karatasi anaona nilichokifuta, anajua nilifikiri nini kabla ya kubadili mawazo.

Juzi nilipendekeza msamiati na sarufi viende mtandaoni, maswali yakishapitiwa na mtu anayejua kwamba lugha yetu ina njia mbili za kusema jambo moja, na insha ibaki kwenye karatasi. Wa Kanyosha akanitazama.

"Sawa, ndugu yangu. Basi usiku wa kuamkia insha nitalala kwako Gihosha."

Nimemkubalia. Nilimwomba tu aje na tochi.