Kipawa cha Mtoto Ni Amana

Akina mama wapendwa, mtoto wetu anaposifiwa kanisani kwa kuimba vizuri, mioyo yetu hufurahi. Lakini kipawa cha mtoto si mali ya mzazi. Ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu, na kuitunza ni kazi. Tuangalie maisha ya Hayley Mills, mwigizaji wa Kiingereza.

Alizaliwa London mwaka 1946. Baba yake, John Mills, alikuwa mwigizaji maarufu. Mama yake, Mary Hayley Bell, alikuwa mwandishi. Mwongozaji wa filamu ya Tiger Bay alikuwa akitafuta mvulana, lakini alipomwona Hayley akicheza nyumbani kwao alibadili nia. Filamu ilitoka mwaka 1959, na kampuni ya Walt Disney ikamwita Marekani. Katika Pollyanna ya mwaka 1960 aliigiza yatima anayetafuta jambo la kufurahia katika kila taabu. Kufikia mwaka 1965 alikuwa ameicheza kampuni hiyo filamu sita.

Wazazi wake hawakumwachia dunia imlee. Hata baada ya kupata sifa alirudishwa Uingereza kwenye shule ya bweni. Mwaka 1961 alipotunukiwa tuzo maalumu ya Oscar ya watoto, hakuwepo ukumbini; mwigizaji mwenzake, Annette Funicello, aliipokea kwa niaba yake. Fedha zake nazo hazikutapanywa. Ziliwekwa mpaka atimize miaka 21.

Ni malezi mazuri, tutasema. Hata hivyo, alipofikia umri huo alikuta sehemu kubwa sana ya fedha hizo inadaiwa na serikali kuwa kodi. Kesi ilifika hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1974 akashindwa. Tena, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2021, alieleza kwamba alipokuwa kijana aliogopa kunenepa hata akawa anajitapisha baada ya kula. Watazamaji waliona tabasamu tu.

Hapa ndipo penye somo. Tunaweza kumlindia mtoto fedha, masomo na jina jema, kumbe moyo wake unalia. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana, lakini kila mwaka alimpelekea joho dogo alilomshonea. Mshonaji yeyote anajua kwamba joho la mwaka jana halimtoshi mtoto anayekua. Ni lazima apimwe upya.

Basi na tuwapime upya watoto wetu. Binti anayeimba kwaya au kijana anayecheza mpira, tumwulize: bado unaipenda kazi hii? Unalala vizuri? Unakula? Akipewa zawadi ya fedha, tumwonyeshe ni kiasi gani na imewekwa wapi, hata kama ni shilingi chache. Kufunga kabati peke yake si kutunza. Mwenye mali naye ajue kilichomo.

Hayley hakukata tamaa. Mwaka 1981 alionekana katika The Flame Trees of Thika, mfululizo wa televisheni uliopigwa picha Kenya. Safari hii hakuigiza mtoto, aliigiza mama.

Mungu atupe macho ya kuwaona watoto wetu wenyewe, si vipawa vyao tu.