Kunde za Harlem, udaga wa Bunda

Niliadimika kidogo, nilikuwa New York kikazi. Mkutano ulionipeleka huko sitauongelea, hauna utamu. Leo naongelea msosi.

Kwa mara ya kwanza maishani niliingia kwenye mgahawa wa "soul food", yaani chakula cha Wamarekani Weusi wenye asili ya majimbo ya Kusini. Tafsiri ya haraka haraka ni chakula cha roho. Mgahawa wenyewe ni Sylvia's, uko Harlem, barabara ya Lenox. Jina lake nililisikia siku nyingi, nikasema siondoki bila kuonja.

Sahani ilipofika niliitazama nikacheka peke yangu. Kambare wa kukaanga, ndugu yake mumi wetu wa Musoma, kavalishwa unga wa mahindi. Sukuma wiki imechemshwa hadi imelegea, ndani ina nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kunde. Bamia na nyanya. Mkate wa mahindi. Na viazi vitamu vilivyopikwa na sukari mpaka vinang'aa, ambavyo bibi yangu wa Butiama angesema vimeharibiwa. Yaani nimeruka zaidi ya kilomita 10,000 kwenda kula chakula cha jirani!

Lakini si ajabu. Kunde na bamia vilitoka Afrika, vikavuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Hata "gumbo", mchuzi maarufu wa Louisiana, inaaminika jina lake limetokana na neno la Kibantu la Angola lenye maana ya bamia. Upande wa pili, mahindi na muhogo tunavyoapa ni vya mababu asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioanza kuvileta Afrika, karne ya 16. Kwa hiyo mtu wa Mara nilikula kunde zetu Harlem, wakati muhogo wao umeanikwa juu ya mawe Butiama.

Halafu kuna habari ya makombo. Kusini kule, bwana shamba alichukua paja la nguruwe, watumwa wakabaki na miguu, masikio na utumbo. Wakavipika hadi vikawa vitamu. Hadithi hii kanda ya ziwa tunaijua. Viwanda vya samaki viliposhamiri miaka ya 1990, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Mapanki yakakaangwa, yakalisha watoto. Tofauti ni kwamba wenzetu, miaka ya 1960, walikipa chakula chao jina la kujivunia, wakaliandika kwenye kibao na kukipangia bei. Sisi chetu tunakificha mgeni akija.

Nasema hivi kwa sababu mama yangu ana banda la chakula karibu na stendi ya Bunda. Anapika ugali wa udaga na mtama, ule mweusi, kwa mlenda, dagaa au mumi. Muhogo unatoka shamba la bibi Butiama. Ugali huo ndio ulionilipia ada nilipokuwa nasoma Musoma. Siku hizi vijana wenye ajira mpya wakiona ule weusi wanauliza, "Mama, chipsi hakuna?" Wiki moja kabla sijasafiri aliniambia, "Baba, nafikiri niachane na udaga, ninunue jiko la chipsi. Utanisaidia mtaji?"

Ndiyo maana pale Harlem historia ya mwenye mgahawa ilinigusa kuliko kambare. Sylvia Woods alizaliwa South Carolina mwaka 1926. Alikuwa mhudumu katika mgahawa mdogo, na mwaka 1962 mwenye nao akataka kuuza. Sylvia hela hana. Mama yake mzazi akaweka rehani shamba la familia, binti akanunua, akapika chakula cha kwao kijijini. Alifariki mwaka 2012. Mgahawa upo, na watalii wanapanga foleni kula kunde.

Wikiendi iliyopita nilikwenda Bunda nikamsimulia Mama yote hayo. Alisikiliza huku anasonga ugali. Nilipomaliza akauliza, "Sasa na mimi niweke rehani shamba la bibi yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ana haki, maana fahari hailipi kodi ya banda, na chipsi zinaleta hela jioni hiyo hiyo. Hela ya mtaji nimempa bila masharti. Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla ya kununua jiko, tupake kibao rangi, tuandike kwa herufi kubwa UGALI WA UDAGA, MUMI, MLENDA, na bei isiyo ya kuomba radhi. Amekubali kujaribu miezi 3. Udaga ukidoda, zinakuja chipsi, na sitabisha.

Kwa hiyo wadau, ukiwa njiani kwenda Musoma au Serengeti, basi likisimama Bunda shuka ule. Kibao ni cha bluu. Na tafadhali, usiulize chipsi.